Gari moja ya watu sita siku za shule na trela ya mahema Jumamosi: dada, anza na trela kabla ya gari

Dada mmoja wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ameniuliza swali refu, nalifupisha hapa ili wengine wafuate. Ana watoto wanne, yeye na mzee wake inakuwa watu sita. Biashara yake ni kukodisha mahema na viti, na amechoka kulipa pickup ya mtu kila wikendi. Anataka gari moja tu iliyotumika, ile ya kupeleka watoto shule katikati ya wiki alafu Jumamosi ikokote trela mpaka Sironko, Bududa, na mara nyingine Kapchorwa. Bajeti ni shilingi milioni 65 za Uganda. Trela anayo tayari, ilichomelewa Katwe kule Kampala, ekseli moja, haina breki. Mzee anataka Harrier, shemeji anasema achukue Discovery ya kutoka Uingereza, na jirani yao anauza Prado.

Dada, asante kwa kueleza vizuri, manake wengi wanauliza tu "gari gani nzuri" na hapo huwezi kumjibu mtu kitu cha maana. Wewe umenitajia mzigo, njia na watu, kwa hiyo naweza kukujibu straight. Lakini kabla ya Harrier na Prado na Discovery, tuongee kwanza juu ya trela yako, manake hiyo ndo itaamua kila kitu na naona nyumbani kwenu hakuna anayeizungumzia.

Tupige hesabu pamoja. Umesema mzigo wako wa kawaida ni viti mia tatu, mahema mawili ya watu mia mia, na jenereta ndogo. Kiti kimoja cha plastiki kiweke kwenye mzani, vingi vinacheza kwenye kilo mbili na nusu hivi. Mara mia tatu, hiyo ni kilo 750 tayari na hata hema hujapakia. Mahema na mabomba yake ya chuma tuseme kilo 200 kila moja, hiyo ni 400. Jenereta ya kVA 5 ni kama kilo 90. Trela yenyewe, hizi za Katwe zinachomelewa kwa chuma kizito, nzuri zinakaa miaka, lakini tupu inaweza kuwa 450 bila shida. Jumla unafika karibu kilo 1,700, na hapo sijaweka kamba, spika, na yule kijana ambaye najua atapanda juu ya viti (mwambie asipande kabisa, akianguka hakuna bima itakayokusikiliza).

Sasa sikia hii. Karibu kila kampuni inayotengeneza gari inaandika namba mbili za kuvuta, moja ya trela yenye breki zake na nyingine ya trela isiyo na breki. Hiyo ya pili kwa gari nyingi sana ni kilo 750 tu, hata zile kubwa. Prado ambayo wanairuhusu kuvuta kilo 2,500, bila breki kwenye trela inashuka mpaka 750. Yaani trela yako vile ilivyo leo, na mzigo wako wa kawaida, imezidi mara mbili na zaidi, na hata ukinunua Land Cruiser V8 hiyo hesabu haibadiliki. Sababu ni kushuka. Kupanda Sipi, ile njia ya Kapchorwa, gari yenye nguvu itapanda tu, shida ni kurudi jioni, trela ya tani moja na zaidi inakusukuma kutoka nyuma kona baada ya kona, breki za gari peke yake ndo zinashika tani mbili za gari na watu plus trela, zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, unakanyaga pedeli inaenda chini kama sponji na hakuna kitu kinachoshika. Hapo watoto wako wako ndani. Nasema hivi si kukutisha, nasema kwa sababu hiyo njia naijua na nimeona gari zilizotoka huko na diski zimegeuka rangi ya bluu.

Kwa hiyo kwenye milioni 65 zako toa kwanza pesa ya trela. Rudi kwa mafundi wa Katwe au hapo hapo Mbale kama una fundi unayemwamini, waweke ekseli yenye ngoma za breki, wengi wanatumia ekseli za matatu au za lori ndogo zilizochinjwa na zinafanya kazi vizuri. Mbele waweke kapling ya kusukuma, ile ambayo gari ikifunga breki trela inasukuma mbele, chuma kinarudi ndani na kuvuta kebo mpaka kwenye ngoma. Haihitaji kompyuta wala umeme. Waambie pia waweke cheni mbili za usalama zipite kwa msalaba chini ya ndoano, ili trela ikichomoka mkono wake udakwe na cheni usichimbe lami. Na tairi za trela ziwe saizi moja na za gari kama inawezekana, hivyo spea moja inaokoa pande zote mbili, ukipata pancha saa tatu usiku kule Muyembe utanishukuru.

Kitu kingine kabla hatujaondoka kwa trela, uzito wa mbele kwenye ndoano. Unataka kama asilimia 10 ya uzito wote ukae hapo, kwa mzigo wako ni karibu kilo 170. Ikiwa kidogo sana, yaani vijana wamejaza nyuma, trela inaanza kucheza mkia ukifika 70 au 80 na ikishika hiyo dansi gari inapinduka. Ikiwa nyingi sana nyuma ya gari inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Kupima ni rahisi sana kwenu kwa sababu kwenu kuna kahawa: azima ule mzani wa kuning'inia wa wanunuzi, ufunge kwenye tawi nene la mwembe, weka trela iliyojaa chini yake sehemu tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, ning'iniza shingo ya trela kwenye ndoano ya mzani mpaka iwe urefu ule ule wa kwenye gari, alafu soma. Ikisoma 90, sogeza jenereta mbele. Ikisoma 250, rudisha viti nyuma. Ukishapata, piga rangi mstari ndani ya trela jenereta ikae hapo kila siku, na vijana waelezwe kwamba ule mstari si urembo.

Haya, sasa gari.

Harrier ya mzee. Ni gari nzuri, imetulia barabarani, na namwelewa kabisa kwa nini anaitaka. Lakini viti ni vitano na nyinyi ni sita, hapo peke yake imeshatoka. Na hata mngekuwa wanne, Harrier, RAV4, Forester, hizi zimejengwa kama gari ndogo zilizoinuliwa, hazina chesisi ya chini ya kujitegemea. RAV4 ya injini ya silinda nne ile ya 2006 na kuendelea, Australia wanaiandikia kilo 1,500 na trela iwe na breki, wewe uko 1,700. Forester nyingi za petroli nazo hazifiki uzito wako. X-Trail ya kuanzia 2007 nyingi zina ile giaboksi ya CVT ya mkanda, na CVT na trela nzito kwenye mlima ni ugomvi, inapata joto, inaanza kuteleza, na bei ya kuibadilisha inaumiza kweli. Kwa familia bila trela ningekwambia tofauti. Kwa kazi yako hapana.

Discovery ya shemeji. Hapa nitakuwa mwaminifu kwa shemeji, kwa karatasi amekushinda wewe na mimi: Discovery 3 na 4 zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, viti saba ni vya watu wazima kweli, na usukani uko upande wetu kwa sababu inatoka Uingereza. Ukiikalia hutaki kushuka. Lakini hiyo injini ya dizeli ya V6, ya 2.7 na hata 3.0, inajulikana duniani kote kwa kuvunja krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini, na kuna kazi kadhaa ambazo fundi analazimika kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi ndo afike kwenye kitu kama turbo. Pia ina suspensheni ya hewa na kompresa yake, ina sensa nyingi, inataka mashine ya dayagnosis yake. Kampala kuna mafundi wachache wanaoiweza. Mbale, Jumamosi, na harusi ya mtu inakusubiri saa nne asubuhi? Biashara yako inakula kwa kufika. Mtu mwenye gari mbili anaweza kujifurahisha na Discovery, wewe una moja.

Sasa Prado, na hapa nataka tukae kidogo manake neno "Prado" peke yake halisemi kitu, ndani yake kuna injini kadhaa tofauti na bei za makosa tofauti.

Kwanza ujue sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea toka itengenezwe. Prado 120, ile ya 2002 mpaka 2009, haiwezi tena kutoka Japan kuja hapa. Kila 120 unayoiona inauzwa leo imeshakaa Uganda miaka, imeshapita mikono, imeshaonja mashimo yetu na dizeli yetu. Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekwambia "imeingia juzi tu". Prado 150, ile iliyoanza 2009, ikiwa haijafika miaka 15 ndo bado inaingia kupitia Mombasa na kukaa kwenye bondi, zile yadi za kuuzia magari pale Kampala, lakini kwa milioni 65 huipati nzuri, utapata iliyogongwa au yenye mambo ya logbuku. Na hata ukiongeza pesa kuna mtego: Prado 150 za soko la Japan kati ya 2009 na 2015 zote ni za petroli, 2.7 au 4.0, dizeli ilirudi Japan Juni 2015 na injini ya 2.8. Kwa hiyo 150 ya dizeli ya 3.0 unayoikuta hapa haikuuzwa Japan, mara nyingi ilikuwa ya shirika, ubalozi, au ilitoka soko lingine. Si mbaya, ila uliza ilifanya kazi wapi.

Injini ya 2.7 ya petroli, 2TR. Hii haisumbui, fundi yeyote anaijua, spea zimejaa soko la Kisekka kule Kampala. Lakini nguvu yake ya kuvuta, ile toki, ni kama nyutonimita 246 na inakuja injini ikiwa imeshapanda mizunguko. Dizeli ya 3.0 inatoa kuanzia 343 mpaka 410 kutegemea ilitengenezewa soko gani, na inaanza kutoa chini kabisa, mizunguko elfu moja na mia nane hivi. Alafu sisi tunakaa juu. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita elfu moja, Mbale tu tayari mko juu ya mita 1,100, na ukienda Kapchorwa unapanda tena mamia kadhaa. Kwa hiyo 2.7 ukiwa na watu sita na tani 1.7 nyuma itapanda, ndiyo, lakini kwenye gia ya pili ikilia, na petroli utaona mshale ukishuka kwa macho. Ya 4.0 V6 ina nguvu tele ila kituo cha mafuta kitakujua jina.

1KZ ni dizeli ya zamani ya 3.0, iko kwenye 120 za mwanzo, kwenye Prado 90 iliyotangulia 120 na kwenye Hilux Surf. Inavumilia dizeli mbaya kuliko zile mpya na sindano zake si ghali. Ugonjwa wake ni mmoja, silinda hedi kupasuka ikichemsha. Na trela ndo kitu kinachoifanya ichemshe. Ukiikuta nzuri, fungua kifuniko cha rediyeta injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, angalia maji: yakitoa mapovu mfululizo hata fundi akikwambia ni hewa tu, ondoka. Na asubuhi kabla haijawashwa minya hosi ya juu ya rediyeta, ikiwa ngumu wakati imelala usiku kucha basi kuna presha inayotoka kwenye silinda.

1KD, dizeli ya 3.0 yenye D-4D, hiyo ndo ningekuchagulia, ile yenye giaboksi ya otomatiki ya gia tano au manyuo, ya kubadilisha kwa mkono, kama unaipenda. Ina turbo kwa hiyo mlima hauinyang'anyi nguvu kama ile ya petroli, na inavuta tani 1.7 kwa utulivu. Lakini ina mambo yake mawili na ni lazima uyajue kabla pesa haijatoka. La kwanza ni injekta. Zikichakaa utasikia injini baridi ikigonga kama kuna mtu ndani na nyundo, ka-ka-ka-ka, alafu ikipata moto inatulia na muuzaji anakwambia dizeli ndo zilivyo. Sivyo zilivyo. La pili, chini ya kila injekta kuna washa ndogo ya kopa, kipete cha kuziba, ikivuja moshi wa silinda unaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito na kuganda kama lami na inaziba ule wavu wa chini unaonyonya oili. Wavu ukiziba, injini inakosa oili, na hapo unanunua injini nyingine.

Kuangalia si ngumu. Injini ikiwa inaunguruma taratibu fungua kifuniko cha kumiminia oili juu, kiweke hapo hapo juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo ni kawaida, kikirukaruka na moshi unatoka kama chungu cha posho, kuna shida. Alafu mlipe mtu mwenye mashine ya dayagnosis asome marekebisho ya kila injekta injini ikiwa ya moto na imetulia, namba nne zitatokea, zikiwa kati ya -3 na +3 ziko sawa, moja ikiwa 4 au 5 hiyo injekta inaaga. Injekta mpya orijino nne ni pesa nyingi sana, kwa hiyo ile ada ndogo ya dayagnosis ndo pesa nzuri zaidi utakayotumia kwenye hii safari yote. Na uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, unatakiwa kati ya kilomita laki moja na laki moja na nusu. Kama hana ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa na ushushe bei.

Giaboksi sasa, manake hapa ndo wavuta trela wengi wanaumia kimyakimya. Otomatiki inaharibiwa na joto. Kwenye gari nyingi kipoza cha mafuta ya giaboksi kiko ndani ya rediyeta yenyewe, bomba ndani ya bomba, na rediyeta ikizeeka ile kuta inatoboka, maji na mafuta vinachanganyika vinakuwa kama maziwa ya stroberi na giaboksi inakufa. Prado 120 inajulikana kwa hili. Angalia maji ya rediyeta, ukiona utelezi wa pinki unaoelea, acha. Na ukishanunua, weka rediyeta mpya pamoja na kipoza cha nje cha giaboksi mbele yake, ni kazi ya siku moja, badilisha mafuta ya giaboksi siku hiyo hiyo. Ukiwa na trela usiendeshe kwenye gia ya juu kabisa mlimani, ukiona inapanda na kushuka gia kila dakika mzuie kwenye ya tatu au ya nne atulie, kule kubadilika-badilika ndo kunaleta joto. Kushuka vilevile, gia uliyopandia ndo ushukie, na breki ukanyage kwa nguvu kidogo kisha uachie, usiweke mguu juu yake njia nzima.

Chini ya gari lala kabisa uangalie chesisi, hasa nyuma pale ndoano ya trela itakapofungwa. Nyingine zilitoka sehemu za Japan zenye theluji na chumvi ya barabarani, kutu imekula kutoka ndani, juu wamepiga rangi nyeusi mpya. Gonga na bisibisi. Rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari ya miaka kumi na nane, mimi naigonga mara mbili. Ndoano ifungwe kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesisi, isichomelewe kwenye bampa. Naona hizo za bampa kila siku na zinaniudhi, bampa imewekwa kukinga, haikuwekwa kukokota tani. Baadhi ya Prado pia zina hewa nyuma badala ya springi, kama nyuma imekaa chini ikilala usiku, hewa inavuja. Wengi wanaweka koili, na kwa kazi yako koili nzito kidogo ni afadhali.

Viti, watoto wawili watakaa nyuma kabisa kwenye Prado 120, vile viti vinakunjwa pembeni, vinawafaa watoto tu na begi za shule zinabaki miguuni. Na ujue watu sita, ule uzito wa ndoano wa kilo 170, na vitu vya juu ya kerya vyote vinahesabiwa ndani ya gari, Prado ina nafasi ya karibu kilo 700 hivi na mara moja mtakuwa mmefika 600. Kwa hiyo siku ya trela kamili usipakie tena magunia kwenye buti. Kama harusi ni kubwa na unahitaji viti mia sita, hiyo siku kodi lori, hata mwaka wa embalu, ule wa sherehe za tohara za Wagisu, pesa inaruhusu.

Kuna gari moja ambayo hakuna aliyekutajia, Pajero ya dizeli ya 3.2. Watu wanaikimbia kwa sababu kuuza tena si haraka kama Prado, na hiyo ndo faida yako, kwa pesa zako unapata ya karibuni zaidi na iliyochoka kidogo zaidi. Zile za miaka ya karibuni Australia wanaziruhusu kilo 3,000, viti vya nyuma vinaingia sakafuni buti inabaki wazi, na ile forwili yake unaweza kuiweka hata kwenye lami, mvua ikinyesha na trela nyuma utaipenda. Hakikisha ni ya dizeli manake nyingi kutoka Japan ni V6 za petroli. Sikiliza cheni ya taiming ikiwashwa baridi, ikikwaruza kwa sekunde kadhaa inataka kubadilishwa, na masizi kwenye inteki, njia ya hewa ya injini, yanahitaji kusafishwa. Spea zipo Kampala, Mbale utaagiza na kungoja basi la jioni. Kama una fundi anayeijua, mimi naiweka sawa na Prado ya 1KD, na kama Prado utakazoziona zote zimechoka, naiweka juu.

Gari za mashirika zilizopigwa mnada nazo zitazame. Mara nyingi zina kitabu cha sevisi chenye mihuri, oili ilibadilishwa kwa wakati, ila kama ilikuwa Karamoja miaka kumi basi bushi, bearing na shokapu vyote hesabu ni vipya vya kununua.

Karatasi: namba ya chesisi isome mwenyewe kwenye chuma cha chesisi karibu na gurudumu la mbele la kulia, ifanane na logbuku herufi kwa herufi. Hakikisha hakuna kaveti ya benki, yaani zuio la mkopo, na muuzaji ndo jina lililoandikwa, si "ya kaka yangu yuko Dubai". Bima ya third party ni lazima, lakini wewe uko kwenye biashara na unavuta trela, kwa hiyo ukichukua comprehensive uwaambie hayo mawili wayaandike, usiyafiche ili upunguziwe.

Kuhusu mafuta, Prado ya 1KD bila trela tegemea kilomita nane mpaka tisa kwa lita, na trela milimani tano au sita. Hiyo iweke kwenye bei ya kukodisha kwa mteja wa Kapchorwa, wa Mbale mjini asilipie mlima wa mwenzake.

Sasa ile Prado ya jirani. Sijui ni injini gani na hukuandika, kwa hiyo fungua boneti usome: ikiandikwa D-4D juu ya injini ni 1KD, ikiandikwa VVT-i ni ya petroli. Kama ni 1KD, mwombe uje saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaiwasha, na umwambie wazi asiipashe moto. Weka mkono juu ya injini kwanza, ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho. Akikataa mara mbili, basi nenda ukatafute Pajero. Akikubali na injekta zikasoma vizuri, hedi haitoi mapovu na chesisi ni safi, usimlipe zote milioni 65, lengo lako liwe asimalize zaidi ya 55, manake ile kumi ina kazi yake tayari: breki za trela, rediyeta na kipoza, mkanda wa taiming, tairi, na ndoano ya bolti. Hizo fanya kabla ya Jumamosi ya kwanza, na trela ipimwe kwenye mwembe ikiwa na viti mia tatu kamili.